This Heat haikuidhihaki lugha yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa burudani wa gazeti lako. Mwandishi aliitaja kwa aya moja tu bendi ya Uingereza iitwayo This Heat, akasema kwamba ilikuwa genge la vijana wasiojua kupiga ala, waliofuata mkumbo wa panki, yaani ile roki ya kasi na ya ghasia, na ambao walifikia hatua ya kuidhihaki lugha ya Kiswahili katika mmoja wa nyimbo zao. Nimefanya kazi ya ufundi mitambo studioni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nimekata na kuunganisha utepe wa kurekodia kwa wembe kabla kompyuta hazijaingia, na santuri za bendi hiyo nimezisikiliza kwa miaka mingi kwa makini ya mtu anayetaka kujua kila sauti imepatikanaje. Ninaheshimu haki ya mwandishi ya kutoupenda muziki huo, maana ni muziki mgumu na wengi hawaupendi. Lakini aliyoyaandika kuhusu historia yake si sahihi, na kwa kuwa jina la lugha yetu limeingizwa katika jambo hilo, sioni kama inafaa kunyamaza.

Nianze na asili ya bendi yenyewe. This Heat iliundwa mapema mwaka 1976 katika eneo la Camberwell, kusini mwa jiji la London. Santuri za kwanza za panki ya Kiingereza zilianza kuingia madukani mwezi Oktoba mwaka huo huo, kwa hiyo si haki kusema kwamba walifuata mkumbo ambao, wakati wao wanaanza, haukuwa hata na santuri moja. Charles Hayward, mpiga ngoma na mwimbaji, alikuwa amekwisha kurekodi na Quiet Sun, bendi ya mpiga gita Phil Manzanera, ambayo santuri yake ya mwaka 1975 ina mapigo yanayobadilika kila mara kiasi cha kumtoa jasho mpiga ngoma yeyote. Charles Bullen alipiga gita, klarineti na viola, na alikuwa amekwisha kushirikiana na Hayward kwa muda kabla bendi haijapata jina. Hao wawili walijua kupiga, tena walijua sana.

Wa tatu alikuwa Gareth Williams, na nadhani yeye ndiye aliyemkanganya mwandishi wenu. Williams hakuwa mwanamuziki kwa maana tuliyoizoea. Alikuwa mfanyakazi wa duka la santuri, msikilizaji aliyesikia mambo mengi ya aina nyingi, na wenzake walimwalika wakijua wazi kwamba hakuwa na mafunzo ya ala yoyote. Walikuwa wanatafuta kwake kitu ambacho wao wenyewe walikuwa wamekwisha kukipoteza. Mpiga gita aliyefunzwa, kila anapolishika gita, mkono wake huelekea wenyewe mahali ulipozoea, na kazi kubwa ya maisha yake inakuwa kuuzuia mkono huo usirudie yale yale. Williams alipokaa kwenye kinanda au alipolishika besi hakuwa na mahali alipozoea, hivyo alilazimika kusikiliza upya kila mara, na wenzake wakalazimika kumfuata huko. Katika bendi zetu za dansi tumezoea kumpima mtu kwa wepesi wa vidole vyake, na hicho ni kipimo cha haki kabisa kwa muziki ule. Hapa kilitumika kipimo kingine, na kilitumika kwa makusudi.

Hawakusubiri kampuni kubwa iwagundue. Walirekodi kazi zao za mwanzo wenyewe, wakazituma kwa John Peel, mtangazaji wa BBC ambaye vipindi vyake vya usiku vilikuwa mlango pekee wa kitaifa kwa bendi zisizokuwa na mkataba, naye akawaita studioni. Vipindi walivyorekodi kwa ajili yake mwaka 1977 vilisikika nchi nzima miaka miwili kabla hawajatoa santuri yoyote. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa katika moja ya vipindi hivyo wimbo ulioleta ugomvi wote huu ulikuwa tayari upo, na nitaufikia baadaye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi kama fundi naliona ndiyo roho ya historia nzima, nalo ni chumba. Katika barabara ya Acre Lane, eneo la Brixton, palikuwa na kiwanda cha zamani cha pai za nyama kilichogeuzwa kuwa vyumba vya kazi vya wasanii. This Heat walipata humo chumba kilichokuwa jokofu la kuhifadhia nyama, wakakiita Cold Storage, wakakigeuza kuwa mahali pa mazoezi na studio yao. Chumba cha aina hiyo hujengwa kwa kuta nene zisizopitisha joto, na kwa sababu hiyo hiyo sauti haitoki nje kwa urahisi. Bendi inayopiga kwa nguvu kubwa ikipata chumba cha namna hiyo imepata hazina, kwani inaweza kufanya kazi saa ambazo watu wengine wamelala.

Lakini faida kubwa zaidi ilikuwa muda. Yeyote aliyewahi kulipia studio anajua kwamba saa ya ukutani ndiyo inayopanga wimbo. Bendi zetu za miaka ya 1970 zilirekodi katika studio za Redio Tanzania kwa kupiga wimbo mzima moja kwa moja, na uzuri wa rekodi zile unatokana na ukweli kwamba bendi iliingia ikiwa imekwisha kuiva jukwaani. This Heat walikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Wao walirekodi mazoezi yao, wakarekodi makosa yao, wakarekodi maonyesho yao kwa kinasa sauti cha kaseti cha kawaida, kisha wakakaa na kanda hizo kwa miezi na miezi wakitafuta humo dakika moja yenye uhai, wakaikata, wakaipanua, wakapiga juu yake. Kazi zilizomo katika santuri yao ya kwanza zilirekodiwa kuanzia mapema mwaka 1976 hadi mwaka 1978, na santuri yenyewe, isiyokuwa na jina jingine zaidi ya jina la bendi na yenye jalada la rangi ya buluu na njano, ikatoka mwaka 1979 kwa kampuni ndogo iitwayo Piano, iliyokuwa ya David Cunningham, ambaye pia alishiriki katika kuitayarisha.

Kuna kipande katika santuri hiyo ambacho ningependa kila kijana anayefanya kazi na kompyuta studioni akisikilize. Kinaitwa 24 Track Loop. Walichukua sehemu fupi ya upigaji wao wenyewe iliyorekodiwa kwenye utepe, wakaunganisha ncha mbili za utepe huo ili uzunguke bila mwisho mbele ya kichwa cha mashine, wakaueneza mzunguko huo katika mashine ya kurekodia yenye traki 24, yaani njia 24 za sauti zinazojitegemea, halafu wakakaa kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, wakipandisha na kushusha kila traki kwa mkono, huku baadhi ya sauti zikipitishwa katika chombo kinachobadilisha kimo chake. Hakuna mpigaji mpya anayeingia humo tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbo wote unapigwa na mikono iliyo juu ya mikisa. Kijana wa leo huipata kazi hiyo kwa kubonyeza vitufe viwili, lakini mwaka huo ilihitaji wembe, gundi, subira, na watu zaidi ya mmoja kusimama bega kwa bega kwa kuwa mikono miwili haitoshi traki 24. Ukisikiliza midundo ya kipande hicho bila kuambiwa mwaka wake, utadhani ni muziki wa densi wa miaka ya 1990.

Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na neno "kelele" kama lilivyotumika katika makala yenu. Kelele zimo, tena nyingi. Kipande kiitwacho Horizontal Hold kinaanza kwa mlipuko ambao humshtua hata aliyekwisha kukisikia mara nyingi, na baada ya hapo ala zinakatika na kurudi kwa ghafla kana kwamba umeme unakatwa. Lakini kila mkato umepimwa. Katika santuri hiyo hiyo kuna vipande vya taratibu, vya sauti ya mwanadamu iliyo mbali na viola inayovuma kwa upole, na kuna wimbo kuhusu kuanguka kwa mji wa Saigon mwaka 1975, ambao unaitazama hali ya watu waliozingirwa ndani ya ubalozi wa Marekani kwa macho yasiyo na huruma wala hasira. Watu wanaotaka tu kupiga kelele hawaendi kwenye habari kama hiyo.

Mwandishi wenu hakugusa kabisa suala la mahali ambapo muziki huu ulipatia maarifa yake, na mimi naona ndilo lingekuwa la maana zaidi kwa wasomaji wetu. Brixton ilikuwa, na bado ni, makazi ya watu wengi waliotoka visiwa vya Karibi pamoja na watoto wao. Mafundi wa Jamaika walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mikisa ni ala kamili: kwamba fundi anaweza kuuondoa uimbaji, akaacha besi na ngoma, akaurudisha uimbaji kwa neno moja lililotupwa katika mwangwi, na kwa njia hiyo akatunga wimbo mpya kutoka katika wimbo wa zamani. This Heat waliyasikiliza mafundisho hayo kwa unyenyekevu. Hawakuiga mapigo ya rege kwa juu juu kama walivyofanya wengi katika miaka ile. Walichukua namna ya kufikiri. Baadaye, baada ya bendi kuvunjika, Bullen alitoa mwaka 1983 santuri kwa jina la Lifetones ambamo deni hilo kwa Jamaika linasikika wazi.

Na si Jamaika peke yake. Mwaka 1977 walirekodi pamoja na Mario Boyer Diekuuroh, mpiga ngoma kutoka Ghana, na rekodi hizo zikatolewa kwa kaseti nchini Ufaransa mwaka 1982. Huyu ni Mwafrika aliyekaa nao chumba kimoja, akapiga nao, na jina lake likaandikwa kwenye kaseti sambamba na jina la bendi. Mtu anayetaka kujua jinsi This Heat walivyolitazama bara letu angeanzia hapo, kabla ya kuanzia kwenye jina la wimbo.

Mwaka 1980 walitoa santuri fupi ya Health and Efficiency. Wimbo wenyewe unaanza kwa kulisifu jua kwa furaha isiyofichwa, kisha unatulia katika mapigo yanayojirudia kwa muda mrefu, na ndani ya marudio hayo mambo madogo madogo yanabadilika hadi msikilizaji anasahau ulipoanzia. Upande wa pili una kipande kilichotengenezwa ili kiweze kuchezwa kwa kasi yoyote ambayo mashine ya santuri inaweza, na kila kasi ikatoa muziki tofauti. Msikilizaji mwenyewe alipewa sehemu ya kazi.

Santuri ya pili, Deceit, ilitoka mwaka 1981 kwa kampuni ya Rough Trade, ambayo ilianza kama duka la santuri magharibi mwa London mwaka 1976 kabla ya kuanza kutoa santuri zake yenyewe mwaka 1978. Ili mtu aielewe santuri hii ni lazima akumbuke hali ya wakati ule. Mwezi Desemba 1979 nchi za NATO ziliamua kuleta makombora mapya ya nyuklia ya Kimarekani katika ardhi ya Ulaya Magharibi, na baadhi yalipangiwa Uingereza. Mwaka 1980 serikali ya Uingereza ikaanza kuwauzia raia kijitabu cha kuwaelekeza namna ya kujikinga na shambulio la nyuklia, ambacho kilimshauri mwenye nyumba ang'oe milango, aiegemeze ukutani, na ajifiche chini yake pamoja na familia yake. Mwezi Aprili 1981 mitaa ya Brixton, mahali hasa ilipokuwa studio yao, ililipuka kwa mapambano kati ya wakazi na polisi yaliyoendelea kwa siku kadhaa. Watu watatu waliokuwa wakirekodi katika jokofu la zamani walikuwa wanaishi katikati ya mambo hayo yote, na waliamini kwa dhati kwamba huenda dunia isingefika mwisho wa muongo ule.

Ndiyo maana jalada la Deceit lina uso wa binadamu uliobandikwa vipande vya picha, na miongoni mwake limo wingu la mlipuko wa nyuklia. Ndiyo maana santuri inaanza kwa wimbo wa kubembeleza usingizi, unaowalenga watu waliolazwa na bidhaa na matangazo ya biashara. Wimbo uitwao Independence unachukua maneno ya Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 na kuyaimba taratibu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka sana, hadi msikilizaji anaanza kujiuliza ahadi zile zimekwenda wapi. Wimbo uitwao Cenotaph unahusu mnara ulioko London wa kumbukumbu ya wafu wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na unalalamika kwamba historia inajirudia. Sisi ambao katikati ya Dar es Salaam tuna Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika vita vile vile, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuelewa wimbo huo. Kipande cha mwisho kinawataja wahanga wa mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Japani, na hakina maneno. Sauti zake zinatambaa polepole na kuzimika. Kwa maoni yangu kilele cha kazi yao yote ni wimbo wa kabla ya huo, A New Kind of Water, unaoanza kwa sauti za pamoja zilizotulia na kukua kidogo kidogo hadi ngoma za Hayward zinakuwa kama mafuriko. Sijawahi kusikia hofu ya umma ikipewa umbo kwa ustadi zaidi ya huo katika muziki wa roki.

Katika santuri hiyo ndimo ulimo wimbo uitwao Makeshift Swahili, yaani Kiswahili cha kuungaunga. Kwanza niweke wazi kwamba haukuimbwa kwa Kiswahili, kama makala yenu inavyodokeza, wala hakuna ndani yake maneno ya Kiswahili yaliyobanangwa ili watu wacheke. Umeimbwa kwa Kiingereza. Mada yake ni maneno yasiyoeleweka, na jinsi mtu asiyeyaelewa maneno anavyowekwa chini ya yule anayeyaelewa. Hiyo ni mada nzito, na hakuna anayeijua vizuri zaidi kuliko watu waliowahi kutawaliwa kwa lugha ya wengine, waliosimama mbele ya karani au hakimu wakisubiri mkalimani aamue maisha yao. Wimbo ulikuwapo katika umbo lake la awali tangu vipindi vya Peel vya mwaka 1977, wakati huo ukiitwa Makeshift tu, na miaka minne ya kuufanyia kazi ndiyo iliyoufikisha ulivyo katika santuri.

Sitaki kuficha upande wa pili wa jambo hili. Kuichagua lugha yetu iwe mfano wa maneno ya mbali yasiyoeleweka ni uchaguzi wa mtu aliyekaa London, na msemaji wa Kiswahili akihisi kuchomwa kidogo anapoliona jina hilo, simlaumu. Nami nililihisi hilo mara ya kwanza. Lakini dhihaka inatambulikana kwa kumlenga mnyonge, na wimbo huu hauna hata mstari mmoja unaomcheka Mwafrika. Wanaohukumiwa humo ni wale wanaofanya ujuzi wa maneno kuwa fimbo.

Kiufundi pia wimbo huo unastahili kusikilizwa kwa makini kuliko karibu chochote walichofanya. Unaanza kwa rekodi safi ya studio, Hayward akiimba kwa koo lililokazwa hadi sauti inakaribia kupasuka, gita la Bullen likikata kwa ncha kali. Kisha, bila onyo lolote, rekodi ya studio inatoweka na mahali pake inaingia rekodi ya onyesho la jukwaani, chafu, iliyobanwa, yenye mlio uliokwisha kuharibika, na bendi inaendelea na wimbo ule ule kutoka ndani ya kanda hiyo mbovu hadi mwisho. Mara ya kwanza niliposikia nilidhani sindano ya mashine yangu imeharibika. Fundi yeyote aliyefundishwa kama nilivyofundishwa mimi angeitupa kanda ile, kwani tumefundishwa kwamba kazi yetu ni kuondoa uchafu ili ujumbe ufike. Wao waliuacha uchafu uwe ndio ujumbe: katika wimbo unaohusu maneno yasiyofika, sauti yenyewe inaanza kutofika, na msikilizaji anawekwa katika nafasi ya yule asiyeelewa. Waliifikia hatua hiyo kwa kujua walichokuwa wakifanya, baada ya miaka mitano ya kukata na kuunganisha kanda. Hilo ndilo jibu langu kwa anayesema kwamba hawakuijua kazi.

Mwisho wa bendi haukuwa na kishindo. Williams aliondoka kwenda India kujifunza kathakali, tamthilia ya ngoma ya jimbo la Kerala, na Hayward na Bullen wakamaliza ziara ya mwisho ya Ulaya mwaka 1982 wakiwa na Trefor Goronwy na Ian Hill, kisha This Heat ikafungwa. Hayward aliendelea na Goronwy katika bendi ya Camberwell Now. Williams aliporudi alirekodi na Mary Currie kaseti ya Flaming Tunes, iliyotoka mwaka 1985, ya nyimbo laini za nyumbani ambazo zitamshangaza kila anayedhani kwamba mtu huyu alijua kelele tu. Kwa miaka mingi santuri zao zilipatikana kwa shida, zikipita mkononi kwa mkono na kwa kaseti zilizonakiliwa, na hiyo ndiyo maana halisi ya muziki wa chini kwa chini: hauna matangazo, unategemea watu wanaouthamini kiasi cha kuwarekodia wenzao. Mwaka 1993 zikatolewa kanda, nyingine zikiwa hazijawahi kusikika, katika santuri iitwayo Repeat, na mwaka 2006 sehemu kubwa ya kazi zao ikakusanywa katika kasha moja la diski sita. Williams hakuishi kuliona kasha hilo. Alifariki dunia kwa saratani mwezi Desemba 2001.

Kwa sababu ya kifo hicho, Hayward na Bullen walipokubali kurudi jukwaani mwezi Februari 2016, katika ukumbi mdogo wa Café OTO mashariki mwa London, walikataa kulitumia jina la zamani. Walijiita This Is Not This Heat, na wakazungukwa na wanamuziki wa vizazi vya baadaye, akiwamo Thurston Moore aliyekuwa wa Sonic Youth, bendi ya Marekani, waliokuwa wamejifunza kwao. Waliendelea na maonyesho hayo hadi mwaka 2019. Nauona uamuzi huo wa jina kuwa wa heshima kubwa. Bendi nyingi hujaza pengo la marehemu kwa haraka, zikauza tiketi kwa jina lile lile. Hawa walimwacha mwenzao aendelee kuwa sehemu ya jina hata baada ya kufa.

Ndugu Mhariri, ninaomba gazeti lako lichapishe masahihisho mafupi ya mambo mawili: kwamba bendi hiyo ilianza kabla ya santuri za kwanza za panki ya Kiingereza na si kwa kuifuata, na kwamba wimbo uliotajwa haukuimbwa kwa Kiswahili wala kuwakejeli wasemaji wake. Ninaomba pia mwandishi aliyeandika makala ile, ambaye makala zake kuhusu taarabu na dansi nazisoma daima kwa faida, apewe nafasi ya kuurudia mjadala huu akiwa amesikiliza santuri zenyewe. Namshauri aanze na Health and Efficiency, halafu Deceit kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka, na santuri ya kwanza aiache iwe ya mwisho kwa kuwa ndiyo ngumu kuliko zote. Akikosa pa kuzipata, ninazo hapa Tanga, pamoja na mashine ya kuzichezea, na atakaribishwa siku yoyote atakayopenda.

Wako mtiifu,
Fundi mitambo mstaafu,
Tanga